UZI: Mboji haiuzwi kwenye chupa (shambani tunaitafuta, kwenye maji ya bomba tunaifukuza)

Mama Kichujio

Wakuu, heshima zenu wote.

Mvua zinakaribia na zile chupa nyeusi zimerudi kwenye magrupu ya wakulima. "Asidi ya humiki, lita moja kwa ekari, rudisha mboji ya udongo wako msimu huu huu." Watu kadhaa wamenitumia picha ya chupa wakiniuliza ni kweli au ni kupigwa. Kazi yangu ni maabara ya mtambo wa kusafisha maji, na pia nalima. Asubuhi nashinda nikiitoa mboji (mabaki ya viumbe yaliyooza) kwenye maji, jioni nakwenda kuibembeleza ikae shambani. Kwa hiyo naijua pande zote mbili.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo chupa inapokufa.

Chukua ekari moja, kina cha sentimita 20, yaani pale jembe linapofika. Ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo mita za ujazo kama 809 za udongo. Kwa udongo wa uzito wa kawaida hapo una tani elfu moja na ushee. Ukitaka kupandisha mboji kwa asilimia 1 tu, zinatakiwa tani 10 hivi zibaki ardhini. Chupa ya lita moja iliyoandikwa humiki asilimia 12 ina gramu 120. Piga mwenyewe: ni chupa zaidi ya elfu themanini kwa ekari moja.

Na usikimbilie kusema basi naleta Fuso la mboji ya rundo, kesi imekwisha. Mboji ya rundo ikiwa na unyevu wake, robo hivi tu ya uzito ndiyo mabaki ya viumbe. Kilichobaki ni maji, mchanga na majivu. Kwa hiyo tani 10 zako ni kama tani 40 za mzigo, Fuso tano au sita za kujaza hadi juu. Kisha vijidudu vya udongo vinaanza kula. Ukifukia majani mabichi au mabua, theluthi mbili au zaidi ya kaboni yake inapaa hewani kama kaboni dioksidi ndani ya mwaka mmoja. Na joto linachochea: kila nyuzi 10 zinapopanda, kasi ya kuoza inakaribia kuwa maradufu ikiwa unyevu upo. Ndiyo maana mtu wa Lushoto kwenye baridi na mtu wa Handeni kwenye joto wakiweka samadi sawa hawabaki na udongo sawa.

Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba la ngano linaitwa Broadbalk. Tangu 1843 kuna kipande kinachopewa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka, bila kuruka vizazi na vizazi. Leo kina kaboni karibu mara tatu ya kipande jirani kisichopewa kitu. Hiyo ni zaidi ya karne, tena kwenye nchi ya baridi. Huku kwetu kuna jaribio la Kabete, Kenya, lililoanza 1976 kwenye udongo mwekundu wa mahindi na maharage. Pale kaboni ilishuka hata kwenye viwanja vilivyopewa samadi, mbolea ya dukani na mabua yote kwa pamoja. Ila huko ilishuka taratibu, na kwenye viwanja vilivyoachwa mikono mitupu ilishuka haraka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mboji si akiba unayoweka mara moja ukaondoka. Ni kitu kinachoingia na kutoka kila msimu, na shamba linasimama kwa kile kinachoingia. Anayekuuzia kitu cha kumaliza habari kwa mkupuo mmoja hajui anachouza, au anajua sana.

Sasa kwa nini tuhangaike nayo? Udongo mwekundu wa nyanda zetu nyingi umejaa mfinyanzi wa aina ya kaolini na kutu ya chuma. Kaolini haishiki virutubisho vizuri. Maabara hupima uwezo huo kwa kipimo cha sentimoli kwa kilo: kaolini hupata 3 hadi 15, mboji inavuka 200. Maana yake kwenye shamba jekundu, ile mboji kidogo unayoiona haina maana ndiyo inayozuia sehemu kubwa ya potashi, kalsiamu na magnesi yako isioshwe na mvua. Mboji ikiisha, mfuko wa mbolea unaomwaga Machi unakwenda mtoni Aprili. Na uwezo huo unapungua udongo ukizidi kuwa na tindikali, kwa hiyo anayemwaga SA (mbolea ya salfeti ya amonia) miaka nenda rudi bila chokaa anajikata mwenyewe.

Kuhusu maji, naomba mnisikilize vizuri maana hapa hata sisi tunaoipenda mboji tunatia chumvi. Inazunguka meseji kwamba asilimia 1 ya mboji inakuwekea maelfu kwa maelfu ya galoni kwa ekari. Mwaka 2018 Minasny na McBratney wa Chuo Kikuu cha Sydney walikusanya vipimo zaidi ya 50,000 vya udongo wa sehemu mbalimbali duniani. Walikuta asilimia 1 ya kaboni ikiongezeka, maji ambayo mmea unaweza kuyanywa yanaongezeka kwa wastani wa 1.16 kwa kila mia ya ujazo wa udongo. Kwa kina cha sentimita 20 hiyo ni milimita 2.3, na mahindi yaliyokomaa majani yanamaliza hizo kabla ya siku kwisha. Kwenye kichanga faida ni kubwa kidogo, kwenye mfinyanzi ni ndogo zaidi.

Faida kubwa iko mlangoni, maji yanapoingia. Udongo wenye mboji na nyungunyungu hujishika vidonge vidonge, na kati ya vidonge kuna njia. Udongo uliochoka hupigwa na matone ya kwanza, juu unaganda ukoko mwembamba unaong'aa, na mvua yote inayofuata inateleza juu yake kuelekea barabarani. Nenda shambani mvua inaponyesha, usimame uangalie. Ukiona maji ya rangi ya udongo yanatembea ndani ya dakika kumi, shida yako si uchache wa mvua.

Nitarudi na habari ya maji ya bomba. Karibuni.

Duka la Kona

Dada yangu, unatufungia duka! Mimi nauza hiyo chupa na wateja wanarudi wenyewe bila kuitwa. Wa nyanya hasa, wanasema mizizi inajaa na majani yanakoza. Hao wote ni waongo?

Mama Kichujio

Hapana kaka, sijasema haifanyi kitu. Kuna uchambuzi wa Rose na wenzake, 2014, uliounganisha majaribio mengi: kwa wastani uzito wa sehemu ya juu ya mmea uliongezeka asilimia 22 na mizizi asilimia 21. Lakini mengi ya majaribio hayo yalikuwa ya vyungu na ya muda mfupi, si ya shamba lenye mvua za kubahatisha. Humiki huchochea mzizi, na hubeba chuma na zinki katika hali ambayo mmea unaweza kuvichukua. Pia soma kibandiko: nyingi ni humiki ya potasiamu, na nyingine zimeongezewa naitrojeni, kwa hiyo jani kukoza si ajabu. Uza kama kichocheo cha mizizi, sina neno. Ugomvi wangu ni ile sentensi ya "rudisha mboji ya udongo wako".

Mwanachuo wa Udongo

Shikamoo mama. Nina swali kidogo la ubishi. Darasani tumefundishwa mboji ni asidi ya humiki, asidi ya fulviki na humini. Sasa kama ndani ya chupa ni asidi ya humiki yenyewe, si ni mboji hiyo hiyo tu, tofauti ni kiasi?

Mama Kichujio

Marahaba mwanangu. Swali zuri. Hayo majina matatu yanatokana na namna ya kuitoa udongoni. Achard, Mjerumani, 1786 alichukua mboji ya kinamasi akaitia magadi makali, ikatoka supu nyeusi. Hadi leo maabara zinatia soda kali yenye pH 13 (pH ni kipimo cha utindikali, 7 ni katikati), kisha zinatia asidi. Kinachoganda ni humiki, kinachobaki kwenye maji ni fulviki, kisichotoka kabisa ni humini. Udongo gani wa shamba una pH 13? Hakuna.

Mwaka 2015 Lehmann na Kleber waliandika kwenye jarida la Nature wakisema kile kinachotoka kwa soda ni zao la soda yenyewe kwa sehemu kubwa. Walisema udongoni hakuna hizo molekuli kubwa za ajabu zinazojiunda upya. Kwa maelezo yao, kuna mabaki ya mimea na miili ya vijidudu yanayomeng'enywa hatua kwa hatua, makubwa kuwa madogo. Kinachoyafanya yadumu ni kunaswa na mfinyanzi au kufungiwa ndani ya vidonge vya udongo mahali vijidudu havifiki. Wapo wanaopinga mpaka kesho, na wa upande wa maji hatujaacha kutumia neno humiki kwa sababu linatusaidia kazini. Lakini mimi kwa shamba naona hao wawili wana hoja, na ukiifuata, kulima kupita kiasi ni kuvunja makabati. Kila ukipitisha jembe la diski unavifungulia vijidudu.

Kwenye mtihani jibu kama mwalimu alivyofundisha, usije ukanitaja.

Ng'wana Shinyanga

Huku kwetu udongo wa mbuga ni mweusi tii. Kwa hiyo sisi tuko salama, tuwaachie wa udongo mwekundu mjadala?

Mama Kichujio

Kaka, weusi unadanganya. Udongo wa mbuga ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mboji kidogo tu ikijipaka kwenye mfinyanzi ule inatosha kuutia weusi. Mara nyingi ukipimwa unakuta mabaki ya viumbe ni asilimia 1 au 2, wakati wekundu wa kihamba (shamba la nyumbani) cha Kilimanjaro wenye migomba na samadi unaweza kuwa na zaidi. Afadhali yako ni kwamba mfinyanzi wako wenyewe unashika virutubisho vizuri.

Pima. Kipimo kinachotumika sana ni cha Walkley na Black, cha mwaka 1934. Wanaweka kiasi kidogo cha udongo kwenye chupa, wanatia dikromati ya potasiamu na asidi kali ya sulfuriki, inapata joto kali yenyewe. Dikromati ni ya rangi ya machungwa. Kadiri udongo unavyokuwa na kaboni nyingi ndivyo inavyogeuka kuelekea kijani. Majibu yakija angalia yameandikwa kaboni au mabaki ya viumbe. Maabara nyingi huzidisha kaboni kwa 1.724 kupata mabaki ya viumbe, na nimeona majirani wakigombana bure mmoja ameshika namba hii na mwenzake ile.

Mmatengo wa Mbinga

Naomba nichangie la kwetu maana naona watu wanatafuta Fuso. Sisi Wamatengo tuko kwenye milima mikali, lori lenyewe halifiki shambani. Tuna ngoro. Mvua zinapoelekea mwisho, mwezi wa tatu hivi, nyasi zinafyekwa na kuachwa zinyauke, kisha zinapangwa kwa mistari inayokatana hadi mlima mzima unakuwa miraba miraba. Halafu udongo wa katikati ya kila mraba unachimbwa na kutupwa juu ya nyasi. Kwa desturi wanaume walifyeka na kupanga, akina mama wakachimba na kupanda. Unabaki na shimo katikati na matuta pande zote nne, na ndani ya tuta kuna nyasi zinaoza. Maharage yanapandwa juu ya tuta mwezi huo huo, mahindi yanafuata mvua za mwisho wa mwaka. Maji yakishuka yanaingia shimoni, udongo na majani yanayosombwa yanatua humo humo. Raundi inayofuata, pale palipokuwa shimo panakuwa tuta.

Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja tunalima mteremko ambao wengine wangeacha mbuzi.

Mama Kichujio

Asante sana ndugu yangu. Huyu kasema kwa aya moja nilichojaribu kusema kwa kumi: nyasi za shamba lenyewe, kila raundi, na maji yanakamatwa yalipo. Mwenye picha za ngoro aweke.

Haya, maji ya bomba.

Mboji inayoyeyuka haibaki shambani. Mvua inaitoa misituni na kwenye mabonde ya matete na mafunjo, inaingia mtoni, maji yanakuwa na rangi ya chai ya rangi. Tofautisha na matope. Maji ya matope ukiyaacha kwenye ndoo yanatua. Yale ya rangi ya chai unaweza kuyaacha wiki nzima, yanakuangalia tu, kwa sababu rangi imeyeyuka.

Kwangu mimi hiyo rangi ina taabu tatu. Kwanza inakula klorini. Nilichotia kuua vijidudu kinaishia kupambana na mboji, maji yanafika bomba la mwisho la mtaa bila kinga. Pili, kwa mitambo inayotumia taa za mionzi ya urujuanimno, mboji inafyonza ile mionzi kabla haijafika kwa kijidudu. Tatu ndiyo inayotisha zaidi: klorini ikikutana na mboji zinazaliwa kemikali za jamii ya trihalomethani, klorofomu ikiwa mojawapo. Aliyeligundua hilo ni Johannes Rook, mkemia wa maji ya Rotterdam, mwaka 1974. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 80 kwa lita kwa jumla ya hizo kemikali. Shirika la Afya Duniani limeweka 300 kwa klorofomu peke yake.

Dawa yake ni kuitoa mboji kabla ya kutia klorini. Tunatumia shabu, ile ile mnayoijua, ila ya kiwandani. Mvua ikinyesha milimani, kabla ya kugusa pampu ya shabu tunapanga bika sita (vyombo vya kioo vya maabara) mezani, kila moja na dozi yake, mapanga ya mashine yanakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole robo saa na zaidi, kisha tunazima na kusubiri. Unainama unaangalia. Bika ya dozi ndogo inabaki na rangi. Inayofuata inaanza kuwa na chembe kama vumbi. Kisha kuna moja ambayo madonge ya kahawia yanajikusanya na kuzama, na maji ya juu yanakuwa meupe kabisa. Kwa mboji shabu inafanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 5.5 na 6.5, kwa matope ya kawaida hauhitaji kushuka hivyo. Opereta anayefuata uchafu wa matope tu bila kupima rangi anaweza kutoa maji maangavu machoni ambayo bado yana mboji ya kutosha kumaliza klorini.

Mtoto wa Kisangani

Salamu kutoka Kongo. Sisi mito ya msituni ni myeusi kweli. Kuna Ruki, inaingia mto Kongo pale Mbandaka, watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walitoa utafiti 2023 wakasema ni kati ya mito mikubwa iliyo myeusi kabisa duniani, inapita hata Rio Negro ya Amazoni. Watu wanaona maji hayana matope, wanakunywa. Ule weusi unadhuru? Na tukitia klorini tunatengeneza hiyo sumu?

Mama Kichujio

Karibu sana ndugu. Ule weusi wenyewe haukuui. Kipindupindu na kuhara ndivyo vinavyoua, na maji kutokuwa na matope si dalili kwamba hayana kinyesi. Kwa hiyo tia klorini au chemsha, usiache kwa kuogopa trihalomethani. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo waziwazi: kuua vijidudu kunatangulia. Kwa maji yenye rangi fuata dozi ya juu iliyoandikwa kwenye pakiti, subiri nusu saa, na yakikosa kabisa harufu ya klorini ujue mboji imeila yote. Ukiweza kuyatuliza kwa shabu kwanza na kuchuja, bora zaidi. Kuchemsha kunaua vijidudu ila rangi itabaki, usishtuke.

Na huko kwenu kuna jambo kubwa: mboji ya vinamasi vya bonde la Kongo. Mwaka 2017 ilichorwa ramani, ikakutwa na kilomita za mraba 145,500 na kaboni kiasi cha tani bilioni 30. Pale maji yamefukuza hewa, kuoza kumesimama kwa maelfu ya miaka. Mkikausha vile vinamasi, vijidudu vinaendelea vilipoishia.

Kijana wa Kabete

Wadau, huku Nairobi taka za jikoni na sokoni zinaishia dampo la Dandora ilhali mashamba ya Kiambu yanalia samadi. Kuna kampuni iliyoitwa Sanergy ilianza kukusanya kinyesi cha vyoo vya mitaa ya Mukuru kwa ndoo na kugeuza mbolea. Mimi nauliza: mbolea ya taka za mji ni salama kwa sukuma wiki? Nasikia ina madini ya risasi.

Mama Kichujio

Inategemea taka zimetenganishwa wapi. Zikitenganishwa sokoni na jikoni, kabla hazijakutana na betri, balbu na rangi za kuta, unapata mboji safi. Zikitenganishwa dampo, umechelewa. Mboji kweli inashika risasi na hasa shaba kwa nguvu, ndiyo maana kwenye udongo uliochafuka kuongeza mboji hupunguza kiasi kinachopanda kwenye mboga. Inashika tu, haiondoi. Risasi uliyoileta na lori itakuwa shambani kwako siku zote.

Kwa upande wa dampo, yale maji meusi yanayovuja chini yana habari yake. Dampo likiwa changa yana asidi nyepesi ambazo mabwawa ya vijidudu yanazila. Likizeeka kinachobaki ni humiki na fulviki, na vijidudu havina hamu nazo. Bwawa linaweza kufanya kazi vizuri miaka ya mwanzo, halafu watu wanaanza kulaumu opereta.

Bwana Nyanya

Dada, mimi niko karibu na mabwawa ya majitaka, tope lililokauka tunapewa bure. Nyanya zinazaa ajabu! Kuna shida?

Mama Kichujio

Kuna shida, kaka, na si ya mboji, ni ya mayai ya minyoo. Mayai ya askaris (minyoo ya tumbo) ni sugu kuliko bakteria. Jua la juu juu haliyamalizi. Njia ni mbili. Moja, lihifadhi tope pakavu bila kuongeza jipya. Kwa joto la nyuzi 20 hadi 35 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni zaidi ya mwaka mmoja. Mbili, lichanganye kwenye rundo na maranda au mabua lipande joto zaidi ya nyuzi 55, uligeuze mara kwa mara ili pande za nje nazo ziingie ndani. Tope lina naitrojeni nyingi, maranda yana kaboni nyingi mno. Unatafuta sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Ukizidisha maranda rundo halipati moto, na ukiyapeleka shambani mabichi vijidudu vitanyang'anya mimea naitrojeni, nyanya zitageuka njano. Ukizidisha tope litanuka amonia mpaka jirani aje.

Unyevu: kamata kiganja, minya. Yakitoka matone machache tu, sawa. Yakichuruzika, ongeza mabua.

Kujua limeiva, jaza kopo mboji ya rundo hilo upande mchicha, na kopo jingine ujaze udongo wa kawaida. Mchicha wa kwenye kopo la mboji ukiota nusu au ukiungua ncha, liache liendelee. Na kwa sasa, tope hilo ulilonalo lisilohifadhiwa, peleka kwenye migomba au miti, lifukie, vaa buti na glovu. Nyanya zinazogusa ardhi na kuliwa mbichi usizipe.

Duka la Kona

Haya dada, nimebadilisha bango. Sasa nimeandika "kichocheo cha mizizi". Ila hiyo mboji ya rundo iliyoiva, nani anauza kwa magunia niweke dukani?